Kezia na Mtu wa Nyumba Yake

Kezia hakuwahi kugombea kitu chochote maishani mwake. Hata uongozi wa kwaya aliukataa, akasema mdomo wa kuwanyamazisha watu wazima hana. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu ukilitaja jina lake Kasulu mjini watu hukuuliza, "Yule dada wa Mheshimiwa?" Utadhani mtu aliyelima ubavu wa mlima miaka yote ile, akazika na kuliwaza jirani zake wote, hana cha kutajwa nacho isipokuwa mdogo wake. Swali hilo hunikera.

Mimi ni Ininahazwe, muuza ndizi. Nazifunga kwenye baiskeli hapa kwetu Kitanga, nazisukuma hadi barabara kubwa, huko nadandia gari la mizigo mpaka sokoni. Mama yangu alivuka kutoka Burundi nikiwa mgongoni mwake, na uraia tumeupata nikiwa tayari mama wa watoto wakubwa. Kezia alikuwa Muha wa hapa hapa. Mlima huu ulikuwa wa babu yake kabla wetu hawajaufikia. Nyumba zetu zinatazamana. Tumegombana mara nyingi kwa ajili ya kuku wake, maana walikuwa kuku wasio na adabu, na kila tulipogombana alikuja jioni na maharage mabichi kwenye upande wa kanga, akakaa, tukasahau.

Mama yao alifariki Kezia akiwa msichana na mdogo wake hata shule hajaanza. Baba alikuwa mtu wa pombe. Kwa hiyo Kezia ndiye aliyemlea yule mtoto, akamlimia mihogo, akampikia, akauza pombe ya ndizi ili avae viatu kama wenzake. Aliolewa Makere, akakaa huko, mimba haikuja, akarudishwa kwao na kitanda chake. Hakuolewa tena. Mdogo wake alipofaulu kwenda sekondari, Kezia alimsindikiza kwa miguu huku sanduku liko kichwani mwake, na kijana anatembea mbele mikono mitupu. Wazee waliomwona siku hiyo walisema, huyu anamfundisha kutembea mbele. Sijui kama walikuwa wanasifu au wanaonya.

Kijana huyo ndiye Ntiruhungwa. Alikuwa diwani, halafu mbunge, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mtu mwenye sauti kubwa kuliko yeye upande huu wa Kigoma. Kila hotuba aliianza kwa kuinua mkono wa kulia na kusema, "Ndugu zangu!" Watu wakaitika. Siwezi kusema hakufanya lolote. Nguzo za umeme zilifika shuleni kwa kelele zake, na mwalimu mkuu mlevi aliondolewa. Lakini alikuwa mtu wa kutafuta adui. Mwaka mmoja adui alikuwa wafanyabiashara wa mahindi, mwaka wa pili wachungaji, halafu zamu yetu ikafika.

Kabla sijaisimulia zamu yetu, lazima mwijue ingobyi.

Ingobyi ni machela yetu. Ni kitanda cha fito na kamba, kina miti miwili mirefu, kinabebwa mabegani na wanaume wanne, na wengine wanne wanakimbia pembeni wakingoja kupokezana. Mlima wetu gari haliupandi. Chini kuna mto mdogo wenye daraja la magogo, ng'ambo ya mto ndipo pikipiki na magari yanapofika. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye pikipiki, mzazi aliyeshindwa, aliyevunjika, wote wanashuka kwa ingobyi. Kila nyumba ina mtu wake kwenye ingobyi. Nyumba isiyo na mwanamume, kama ya Kezia, mwenyewe hupeleka chakula na maji kwa wabebaji na hakosi msibani, na hilo linahesabika kama bega. Kezia hakuwahi kukosa. Hata alipokuwa na homa alikuja amejifunga kanga kichwani, akakaa na wafiwa. Nyumba iliyo ndani hubebwa. Nyumba iliyotengwa haibebwi, haipewi moto, haiombwi moto. Huko kwa wazazi wangu walifanya hivyo hivyo, na Waha nao, kwa hiyo tulipokuja hatukuwa na la kufundishana.

Haya. Kambi ya Mtendeli ilipojaa tena wakimbizi kutoka Burundi, Ntiruhungwa akapata adui mpya. Alisimama kwenye mkutano akasema kuna watu wamejificha vijijini, wanajiita Watanzania, na baba zao walivuka mto usiku. Akasema vyeti vyetu ni vya kununua. Mgambo wake wakaanza kupita. Watu wetu kadhaa walichukuliwa wakashushwa kwenye lango la kambi na vyeti vyao mikononi, eti wakahakikiwe huko. Halafu akasema neno lililotumaliza: atakayembeba mgeni, atapakiwa naye.

Wiki ileile uchungu ulimshika Jeanne, mke wa Fidele Ndayisenga. Fidele ni wa kwetu, mkulima, mtu mrefu asiye na maneno. Mtoto alikaa vibaya. Fidele alizunguka mlima mzima akigonga milango. Ingobyi ilikuwa inaning'inia mahali pake chini ya paa la kanisa, na wanaume wa kwetu, Waha kwa Warundi, walikaa ndani wakanyamaza. Walikuwa wanaogopa, na mimi sitawadanganya kwamba mume wangu alikuwa shujaa kuwazidi.

Kezia alikwenda kumtafuta mdogo wake. Alimkuta kwa diwani, anakula na wageni. Alinisimulia baadaye kwamba alipiga magoti mlangoni, yeye aliyemlea.

"Tamka tu kwamba wambebe," alimwambia. "Ni mwanamke mmoja."

"Dada, siasa huijui," akajibiwa. "Nikilegeza kwa mmoja, neno langu limekwisha."

Akampa soda.

Jeanne alifariki kulipopambazuka, na mtoto tumboni. Fidele alibaki na msichana wa miaka kumi, Winnie, na kwa muda mrefu alikuwa kama mtu aliyesahauliwa na roho yake. Alikaa tu, akitazama jembe. Kezia akaja akamshika Winnie mkono, akampeleka kwake. Alimlea mpaka alipoolewa Kibondo. Alimsuka nywele, alimfundisha kupika, alimpiga alipostahili kupigwa. Winnie alimwita mama.

Fidele alipoinuka, aliishika ingobyi. Aliwaita wanaume wote, akasimama mbele yao, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Alisema Jeanne hakuuawa na mbunge peke yake. Aliuawa na sheria iliyopinda. Tangu leo ingobyi haipindi, alisema, wala kwa woga, wala kwa huruma, wala kwa ujamaa. Aliye ndani abebwe hata kama bunduki iko njiani. Aliye nje asibebwe hata kama ni mama yangu. Wanaume waliona haya usoni, wakala kiapo. Na wa kwanza kutolewa nje alikuwa Ntiruhungwa. Atakaporudi, walisema, atakuja kwa miguu yake, ataomba kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wanaume, ndipo chungu cha pombe kitawekwa katikati na watu watakunywa naye. Mwingine asimwombee.

Alicheka alipopelekewa habari hizo. Mbunge ana haja gani na kitanda cha fito!

Lakini aliye juu mngojee chini, na sisi hatukungoja sana. Uchaguzi ulipokuja, chama kilikata jina lake kwenye kura za maoni. Akahama chama, akaanguka huko pia. Kisha ikaja kesi ya mbolea ya ruzuku, na waliokuwa wakimbebea mkoba ndio waliosimama kutoa ushahidi. Mke akaenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mgongo, na mgongo huo haujapona mpaka leo. Nyumba ya Kasulu ikapata mwenyewe mwingine. Siku moja akitoka mahakamani alianguka kwenye ngazi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ule mkono wa kuinuliwa, na mdomo ukapinda. Akili ilibaki, ndiyo mbaya. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ila maneno yote yalimtoka isipokuwa mawili. Ukimuuliza ana njaa, atajibu, "Ndugu zangu." Ukimuuliza panauma wapi, "Ndugu zangu."

Kwetu watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Kezia hakucheka, alikuja kwangu akakaa, maharage hakuleta siku hiyo.

"Wanataka kumtoa hospitali," alisema. "Hana anayekuja kumchukua."

"Waache wamtoe."

"Aende wapi, Ininahazwe?"

Nikamwambia kuna barabara kubwa, alale hapo, magari aliyokuwa akipanda yatampita. Kezia alinitazama tu. Hakuwa na hasira na mimi. Ningependa angekuwa nayo.

Kwa hiyo alikwenda kumchukua. Gari liliwashusha kule kwenye daraja, likageuza. Kezia akampandisha mlima mtoto wa jirani kuwaita wabebaji, nao wakashuka, kwa sababu aliyewaita ni Kezia. Walipomwona aliyekaa kwenye jiwe, wakasimama. Fidele ndiye aliyekuwa mbele. Mimi nilikuwa napita na baiskeli, ndizi zimekwisha, nikasimama pia.

"Huyu yuko nje," Fidele alisema.

"Ni mgonjwa," Kezia akasema.

"Aombe. Aombe sasa hivi, tuko hapa wote. Nitaleta chungu mimi mwenyewe."

Nadhani Fidele alikuwa anasema kweli. Alichuchumaa mbele ya yule mtu aliyemfanya mjane, uso kwa uso, akamwambia polepole, "Omba." Na Ntiruhungwa akaelewa. Mishipa ya shingo ilimsimama. Jasho likamtoka. Alifungua ule mdomo uliopinda, akavuta pumzi, akasema, "Ndugu zangu."

Kijana mmoja nyuma akaangua kicheko. Fidele hakucheka.

"Hilo tulilisikia mkutanoni," alisema. "Sema lingine."

"Ndugu zangu. Ndugu... ndugu zangu."

Fidele akainuka, akapangusa magoti. Alimgeukia Kezia, na sauti yake ilikuwa ya upole, nakiri.

"Mama Kezia, nisikilize. Mwache hapa, tutamtafutia gari la kumrudisha mjini. Ukimwingiza nyumbani kwako, amekuwa mtu wa nyumba yako. Nyumba yako itakuwa nje pamoja naye. Si mimi ninayesema, ni sheria. Unaijua."

"Naijua."

"Hutabebwa."

"Fidele," Kezia alisema, "mimi na huyu tulinyonya ziwa moja. Unataka nimweke wapi?"

Wanaume walipanda mlima na ingobyi yao tupu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, lakini mimi ule mzigo niliubeba, na ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Tulimfunga Mheshimiwa kwenye keria ya baiskeli yangu kwa mipira ninayofungia mikungu. Kezia akamshika kwa nyuma, mimi nikasukuma. Alinuka mkojo. Tulipofika kwenye nyumba za watu, watoto walitoka kutazama, na yule mtu aliyewahi kupita njia ileile akipigiwa vigelegele akainamisha kichwa mgongoni kwangu ili wasimwone uso. Nilitamani kumsukumia mtoni. Kwa ajili ya Jeanne, na kwa ajili ya shemeji yangu aliyekaa Mtendeli mwaka mzima akihakikiwa. Nilisukuma kwa sababu Kezia alikuwa anahema nyuma yangu.

Ndivyo nyumba ya Kezia ilivyotoka nje. Hakuna aliyemtukana. Watu walimsalimia njiani kama kawaida, "Amahoro, mama," wakapita. Ila asubuhi hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto kwake, na yeye hakwenda kwa mtu. Siku za kulima kwa zamu alilima peke yake. Kwenye misiba alikuja bado, akakaa mbali, ukingoni mwa ua, na alipoleta maji ya wabebaji walimshukuru wakayaweka chini bila kuyanywa. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Niliona siku hiyo alivyolichukua lile dumu, akarudi nalo nyumbani kichwani, maji yamejaa vilevile.

Mimi nilimwendea. Mimi ni mwanamke, sina bega kwenye ingobyi, wasingeweza kunitoa mahali ambapo sikuwamo. Mume wangu alinung'unika, nikamwambia anung'unike akiwa amekaa.

Alimhudumia yule mtu kama alivyomhudumia akiwa mtoto. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, alimfundisha kusimama kwa fimbo. Baada ya miezi mingi Ntiruhungwa aliweza kufika mlangoni, kisha uani, akiburuta mguu. Alikaa pale kwenye kigoda akitazama njia. Wakati mwingine Kezia akiwa anachambua mboga, yule mtu alimshika mkono kwa mkono wake mzima na kumtazama usoni kwa muda, machozi yanamtoka. Kezia alikuwa akiuvuta mkono, anasema, "Niache nipike." Winnie alikuja mara moja kutoka Kibondo, akamsihi mama yake aende akaishi kwake. Kezia akamuuliza, na huyu? Winnie akasema huyu alimuua mama yangu mzazi. Kezia akasema, najua, mwanangu. Wakalia pamoja, na asubuhi Winnie akaondoka peke yake.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makali. Kezia alikuwa na shamba dogo bondeni, la viazi vitamu, na kwa kuwa hakuna aliyelima naye tena, chakula cha nyumba ile kilitegemea hilo. Aliteremka asubuhi, mvua ikiwa imepungua. Alipokuwa anapanda na kikapu kichwani, ardhi iliteleza. Alianguka kwenye korongo juu ya mawe. Mimi nilisikia mlio, nikakimbia. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, juu ya goti, na paja lilikuwa linavimba nikilitazama.

"Mana yanje," alikuwa anasema, akimwita Mungu wake. "Mana yanje, Ininahazwe, viazi."

Tulimtoa korongoni mimi na binti yangu, tukamlaza chini ya paa la banda langu. Nikampigia simu kijana wa bodaboda. Akasema hata kama angeweza kupanda tope lile, mtu aliyevunjika paja hakalishwi kwenye pikipiki, atafia hapo juu. Mleteni kwenye daraja kwa ingobyi, alisema, nitawatafutia gari. Alisema kama kitu rahisi, na siku zote kilikuwa rahisi. Ukiita, dakika chache tu unasikia miguu ya wanaume inakuja.

Nikaenda kwa Fidele. Nilimkuta anakarabati mlango wa zizi. Nilimwambia. Aliacha nyundo. Uso wake ulibadilika, nauapia hilo, ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa.

"Nyumba ile iko nje," alisema.

"Amemlea mwanao."

"Najua aliyemlea mwanangu!" Alipaza sauti, kisha akaishusha. "Aseme huyo mtu. Aje aombe. Akiomba, nyumba inaingia, nitakimbia mimi wa kwanza."

"Hawezi kusema, Fidele. Unajua hawezi."

"Nami siwezi kupindisha. Nilipowaapisha nilisema hata mama yangu. Nikipinda leo kwa kuwa nampenda, kesho wataacha mwingine kwa kuwa hawampendi. Tulishaona mwisho wake."

Nilimtemea maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilipotoka uani kwake, mvua ilikuwa imerudi, na kwenye njia nikamwona Ntiruhungwa.

Alikuwa amefika mwenyewe. Sijui alivyopita pale penye utelezi na fimbo ile. Alikuwa na tope mpaka nywele, kwa hiyo nadhani alianguka si mara moja. Alikwenda mlango kwa mlango. Aligonga kwa fimbo, mlango ukifunguliwa alisema, "Ndugu zangu," na kuonyesha upande wa banda langu. "Ndugu zangu. Ndugu zangu!" Kwenye mikutano sikuwahi kumsikia akilisema vile. Siku hiyo hapakuwa na aliyecheka. Wengine walifunga mlango taratibu. Mmoja akasema, "Mzee, nenda kwa Fidele." Kwa Fidele alipiga goti moja kwenye tope, lile linalokunjika, akalia na kusema maneno yake mawili mpaka sauti ikakauka. Wanaume walikuwa wamekusanyika uani, wanane au zaidi, mabega yakiwa matupu. Walimtazama Fidele. Angewaambia neno moja tu wangekimbia.

Mimi nikapiga kelele, "Anaomba huyu! Kwani kuomba ni nini?"

Fidele aliinamisha kichwa.  Kisha akasema, "Kiapo kinasema kwa mdomo," na akaingia ndani, nasi tukamsikia akikaa kitandani.

Nilirudi kwa Kezia. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi, midomo mikavu, na alikuwa anahisi baridi ingawa nilimfunika na kila kitu nilichonacho. Aliuliza kama wanakuja. Nikamwambia wanakuja. Aliuliza kama mdogo wake amekula. Nikasema amekula. Alasiri hiyo alifariki, kichwa chake kiko kwenye paja langu, na mdogo wake hajarudi hata kumwona, maana bado alikuwa njiani anaburuta mguu.

Kilio changu kilisikika, na sasa sikilizeni. Kabla sijamaliza kumfunga kidevu, nilisikia miguu. Wanaume wanakuja mbio na ingobyi. Wote, mume wangu akiwemo, Fidele mbele. Kwa sababu maiti haitengwi. Aliyekufa ni wa mlima mzima, hana ndani wala nje, na kumbeba ni wajibu wa kila mtu. Walimlaza polepole, wakamfunga vizuri asiteleze, wakampeleka kwake kwa hatua moja, wala hakuyumba. Sijawahi kuona mtu akibebwa vizuri namna ile. Niliwafuata nyuma nikiwa na kikapu cha viazi mkononi, na hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Winnie alifika kesho yake kutoka Kibondo. Alimkuta baba yake makaburini, ameshika jembe, yeye ndiye aliyechimba sehemu kubwa. Hakumsalimia.

"Baba, alikufa saa ngapi?"

"Alasiri."

"Na alianguka lini?"

"Asubuhi."

Winnie akangoja. 

"Mama yako Jeanne hakubebwa," Fidele akasema.

"Na huyu wa pili je? Naye alikuwa mama yangu."

 Winnie akageuka akaenda kukaa upande wa Kezia. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumba ya baba yake, na Fidele amekonda mpaka shati linamning'inia.

Tulipomaliza kufukia, ilibidi jambo moja lisemwe, maana mlima una utaratibu wake. Kifo kinafunga shauri. Nyumba iliyofiwa ikiwa nje hurudi ndani siku ya kuzika, bila kuomba, kwa sababu imeshatoa mtu. Fidele alisimama akalisema kwa sauti ndogo: nyumba ya Kezia iko ndani. Na nyumba ya Kezia sasa ilikuwa ni mtu mmoja, amekaa kwenye kigoda na fimbo yake. Alielewa. Nilimwona anavyoelewa. Alitikisa kichwa kukataa, akatikisa, akatikisa, akapiga udongo kwa fimbo, mpaka vijana wawili wakamshika mikono kwa heshima na kumkalisha.

Ninampelekea chakula mimi. Ni kwa ajili ya Kezia, na huwa namwambia hivyo kila ninapoweka bakuli. Anakula kidogo.

Mwezi uliopita kiharusi kilimrudia. Nilimkuta sakafuni asubuhi, povu mdomoni. Nikaita, na wanaume wakaja hata sijavuta pumzi. Walishuka naye mlima kwa kupokezana, wakavuka daraja bila kusimama, gari likawa tayari linangoja. Niliwafuata mpaka hospitali. Daktari alimpima, akasema atapona, halafu akatoka nje kuwashika mikono wale wanaume mmoja mmoja. Aliwashukuru kwa kumwahisha. Alisema laiti vijiji vyote vingekuwa na watu kama wa Kitanga.